Marehemu Asiye na Kwao

Sehemu ya tisa

Kadi ya ubatizo bado iko mkononi mwa Provia, msomaji, pale pale ulipomwacha nayo. Amekaa ukingoni mwa kitanda, katika nyumba ya familia za askari, kambi ya Makenke. Sanduku la bati la mumewe liko wazi miguuni pake.

Amelisoma jina mara tatu. Halijabadilika.

Kizito Mushagalusha. Amezaliwa 1981. Baba, Mushagalusha. Mama, Nabintu. Amebatizwa Walungu, Kivu Kusini.

Hakuna Bob hapo. Hakuna Mugisha. Hakuna Masha.

Na wewe uliyetukuta njiani, shika haya machache twende pamoja. Sajini Bob Mugisha alianguka Jumapili asubuhi akikimbia na wenzake, na hakuinuka tena. Kwa miaka kumi na tano alimwambia mkewe kwamba kwao ni Masha, na kwamba wazazi wake walikufa akiwa mdogo. Jumanne Provia akaenda Masha na picha yake. Wazee wa Masha waliipitisha picha mkono hadi mkono, wakairudisha. Hakuna aliyemjua, na hakuna aliyewajua hao wazazi.

Kaka zake Provia wamekwisha kusema lao: mkwe hazikwi kwa wakwe. Habari za Masha zilipofika ofisini, afande naye akaweka sharti. Kabla ya Alhamisi saa kumi jioni, aje mtu wa damu amtambue marehemu, aseme atazikwa wapi. Asipopatikana, jeshi litamzika lenyewe, na binti zake wawili watakua bila kujua ukoo wao ni upi.

Leo ni Jumatano, saa tisa mchana.

Provia hajalia tangu Jumapili. Wanawake wa kambini wameanza kumtazama kwa pembeni. Amewapikia waombolezaji, amefua, amepiga pasi kombati za marehemu na kuzikunja. Jana aliungua kidole kwa pasi, akakiangalia kidole.

Hodi ikabishwa mlangoni. Akaingia Koplo Naboth, rafiki wa Bob tangu siku za mafunzo. Aliiona kadi kabla hajamwona Provia.

"Nyabo, hii umeonyesha nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Na wa mwisho. Choma."

Provia akamnyooshea kadi. Naboth akaisoma midomo ikicheza, kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Unajua hii karatasi inasema nini? Inasema hii mtu aliingia jeshi na jina ya uongo. Wakubwa wakijua watauliza yeye alikuwa nani. Watauliza mimi, watauliza wewe. Na hii nyumba utatoka na watoto."

"Mimi sikujua."

"Nani atakubali hiyo?"

Provia alitaka kuogopa. Aliutafuta woga, akauona uko mbali, kama kelele za watu wa nyumba ya tatu.

"Choma basi," akasema. "Jina nimeshashika kichwani. Kizito Mushagalusha. Mama yake Nabintu."

Naboth akatoa kiberiti. Njiti ikawaka, ikashuka mpaka karibu na kucha zake. Akaipuliza. Kadi akairudisha juu ya kitanda, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Iko watu Nakivale, kwa wakimbizi," akasema. "Wakongo, upande ya Rubondo. Iko chama yao ya kuandika ukoo za watu. Wewe unapeleka jina, wao wanafungua vitabu. Watu wanapata ndugu hapo."

"Nani alikuambia?"

Naboth akatazama dirisha.

"Bob. Mwaka jana. Aliniambia alienda hapo, akafika mpaka mlango, akarudi. Mimi nikauliza, wewe mtu ya Masha unatafuta nini kwa Wakongo? Akacheka. Akasema, Naboth, kunywa chai yako."

Provia alilisikia hilo vizuri, neno kwa neno. Mumewe alikuwa na mlango mwingine Rubondo, na mtu aliyeambiwa habari zake alikuwa Naboth.

"Utanipeleka kesho," akasema.

"Nyabo."

"Asubuhi. Watoto wakienda shule."

* * *

Gari lilikuwa la shemeji yake Naboth. Walipita Masha bila kusimama. Provia hakugeuza shingo.

Rubondo waliingia saa tatu na nusu. Chama cha Vizazi hukutana Jumanne na Alhamisi katika kanisa dogo la mabati, nyuma ya kisima cha pampu. Hakuna kibao. Kuna meza moja, mabenchi manne, na sanduku la mbao lenye madaftari ya shule thelathini na moja. Kila daftari lina jina la kijiji ambacho wenyewe wamekiacha ng'ambo ya mpaka.

Mwenye meza ni Pulchérie, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyevaa koti la kiume. Zamani, kule Uvira, alikuwa akiandika vizazi na vifo katika ofisi ya serikali. Alipofika Nakivale alikuta watu wanaoana bila kujua babu zao walikuwa ndugu, na watu wanazikwa bila mtu wa kupelekewa habari. Akanunua daftari la kwanza.

Mbele yake alikaa kijana mmoja, Nsengimana, na mchumba wake.

"Bibi ya baba yako aliitwa nani?" Pulchérie alikuwa akimuuliza binti.

"Sijue."

"Enda uulize. Kama hakuna mwenye anajua jina, uliza fasi kwenye alizaliwa. Ndoa itangoja. Damu ikishachanganyika haitoke tena."

Vijana wale wakatoka wakiwa wamenuniana. Provia akakaa mahali pao, akaweka kadi mezani.

Pulchérie hakuigusa. Aliinama tu akaisoma, kisha akamtazama Provia, halafu Naboth na buti zake.

"Iyo carte mumeitosha wapi?"

"Kwa sanduku ya bwana yangu," Provia akasema. "Amekufa Jumapili. Alikuwa sajini, Makenke. Jina tulijua ni Bob Mugisha. Nataka tu kujua kwao ni wapi, nimzike."

"Pole, mama."

"Asante."

Alilijibu lile pole kama mtu anayepokea chenji dukani. Pulchérie akaliona hilo. Kisha akafungua sanduku, akapekua, akatoa daftari lililoandikwa Walungu.

"Sisi tuko na sheria yetu," akasema akifunua kurasa. "Mwenye iko muzima tunaandika na crayon, juu mutu muzima anahama, anaoa, anazaa. Mwenye kufa tunaandika na bic, haifutike. Na hatuandike kitu chenye mutu muzima hakutuambia na kinywa yake."

Kidole chake kikateremka, kikasimama.

Ukoo wa Mushagalusha ulijaza ukurasa mmoja na nusu. Mababu watano juu, kwa wino. Baba, kwa wino. Watoto sita. Watatu kwa wino, watatu kwa penseli. Na mama yao, Nabintu, kwa penseli.

"Mama iko muzima," Pulchérie akasema. "Nyumba yake haiko mbali. Ni mwendo ya dakika kumi."

Naboth akavuta pumzi, akatabasamu mara ya kwanza tangu Jumapili. Mama mzazi. Mtu wa damu, hai, dakika kumi tu kutoka hapo. Alikwisha kuanza kusimama.

"Ngoja, afande," Pulchérie akasema. Alikuwa amegeuza daftari ili Provia aone mwenyewe.

Jina la Kizito lilikuwa la nne katika wale watoto. Limeandikwa kwa wino. Mbele yake palikuwa na msalaba mdogo na mwaka: 1996.

"Huyu Kizito," Pulchérie akasema, "alikufa akiwa na myaka kumi na tano."

* * *

Msomaji, mwingine angelia hapo. Mwingine angeomba maji. Provia aliuliza kama daftari linaweza kukosea.

"Mama yake njo alisema, na mimi nikaandika. Alisema alimuzika yeye mwenyewe." Pulchérie akafunga daftari, lakini mkono wake ukabaki juu ya jalada. "Kuko kitu ingine. Mwaka iliyopita, wakati ya mvua, kulikuja mwanajeshi. Alikatala kuingia. Alisimama pale pa mulango, kofia mukononi, akauliza kama tuko na Mushagalusha wa Walungu. Nikamuambia tuko nabo. Akauliza, mama ya Kizito iko muzima? Nikamuambia iko, nitume mutu akuonyeshe njia? Akasema hapana. Akaenda."

Provia akatoa simu mkobani, akamwonyesha picha. Bob na binti zake, Natukunda na Vanessa, siku ya Krismasi, wote watatu wamefinya macho kwa sababu ya jua.

"Njo huyu," Pulchérie akasema.

Naboth akaanza kutembea huku na huku kati ya mabenchi.

"Basi tunarudi," akasema. "Nyabo, tumemaliza. Mtoto ya huyu mama alikufa. Bob aliokota karatasi mahali. Tukienda kwa huyu mama tutamwambia nini?"

Hoja yake ilikuwa nzuri. Provia aliipima, hakuiona kasoro. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kutoka nje, na Pulchérie alikuwa nyuma yake na daftari kwapani.

Walimkuta Nabintu uani akipura maharage kwa fimbo. Bibi wa miaka sabini na ushee, mwembamba, mgongo umenyooka. Aliwatolea viti viwili vya plastiki na mkeka, akawauliza habari za njia, akawauliza kama wamekula. Ndipo Pulchérie akasema, kwa upole, walichokuja nacho.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kizito nilimuzika na hii mikono. Siku ile tulikuwa tunakimbia, vita ilitufuata pa njia. Tulichimba na sahani, mimi na muke ya shemeji yangu. Ule bwana yako, mama, haiko mwana yangu. Mungu amupokee, lakini haiko wangu."

"Sawa," Provia akasema.

Akasimama, akashukuru, akachukua mkoba. Naboth alikuwa amekwisha kugeuka aondoke.

"Iyo carte," bibi akasema. "Nione."

Provia akampa. Nabintu hakuisoma, maana hakujua kusoma. Aliipitisha kidole gumba pembeni, pole pole, pande zote nne. Ukingoni mwa kadi mlikuwa na matundu madogo ya sindano, yamepangana.

Kidole kikasimama.

"Hii mushono ni yangu," akasema. "Nilishona iyi carte mu kola ya shemizi ya Kizito ile asubuhi tulitoka nyumba. Nilimuambia, kama tunapoteana, onyesha batu, batakurudisha kwangu. Mangaribi tulipomupata pa njia, hakukuwa na shemizi. Alikuwa kifua wazi."

Kuku alikuja akadonoa maharage karibu na mguu wa Naboth.

"Mwenye alivua ile shemizi," Nabintu akasema, "njo mwenye alikuwa wa mwisho kuwa na mutoto yangu. Bwana yako iko fasi gani?"

"Mochwari. Mbarara."

Bibi akaweka fimbo chini. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani na viatu.

"Munipeleke nimuone."

* * *

Njiani walikaa wanawake watatu kiti cha nyuma, Provia katikati. Naboth aliendesha bila redio. Mara mbili alimtazama Provia kwenye kioo, na mara mbili alitaka kusema jambo, akaliacha. Walipofika lami ndipo akalitoa.

"Afande atakuwa hapo saa tisa na nusu. Na fomu. Tutamwambia nini?"

"Tutamwambia chenye tutaona," Nabintu akajibu.

Provia aliangalia magunia ya matoke yaliyopangwa kandokando ya barabara. Alijiuliza kama Vanessa amekumbuka sweta. Alijua kwamba kulikuwa na mambo mengine ya kufikiri, makubwa zaidi. Yalikuwa yamekaa kimya pembeni, yanamngoja amalize.

Kapteni, yule afande wa sharti, alikuwa amekwisha kufika. Mtu mpole, mwenye miwani, aliyekuwa na mazishi mengine ya kushughulikia wiki hiyo. Alisalimia wote kwa mkono. Alipofika kwa Nabintu akasita.

"Huyu ni nani?"

Naboth akajibu: "Afande, huyu ni mama... huyu mama anatoka Nakivale."

"Nakivale. Mkimbizi?"

"Ndiyo, afande."

Kapteni akatazama karatasi yake, akatazama saa, akamtazama bibi. Akamwashiria mhudumu afungue.

Ndani kulikuwa baridi, na dawa iliyochoma pua. Mhudumu akavuta trei, akafunua shuka mpaka kifuani. Bob alikuwa vile vile, isipokuwa rangi ya midomo.

Nabintu akasogea. Aliutazama uso muda mrefu. Provia alimwona akiutafuta kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Kisha bibi akatikisa kichwa, kidogo tu. Hakumjua.

Naboth akafumba macho. Kapteni akafungua kalamu.

"Fungua miguu," Nabintu akasema.

"Mama?" Mhudumu hakuelewa.

"Miguu yake. Fungua."

Mhudumu akamtazama kapteni. Kapteni akakubali kwa kichwa. Shuka ikapandishwa mpaka magotini.

Miguu ya Bob ilikuwa mirefu, visigino vikavu. Kwenye mguu wa kulia, kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeungana kwa ngozi mpaka karibu na kucha. Provia alikuwa ameziona nyayo hizo kwa miaka kumi na tano, kitandani, kwenye beseni, chini ya meza, na hakuwahi kuona ajabu. Vanessa alikuwa na vidole hivyo hivyo. Ilibidi kumnunulia ndara pana.

Nabintu alisimama mbele ya ile miguu. Hakupiga kelele. Mikono yake ilishika ukingo wa trei.

Aliangalia kidole kimoja kimoja.

"Mama," kapteni akasema kwa sauti ya chini. "Nauliza, na wewe unajibu. Hii mtu unamjua?"

"Ninamujua."

"Ni mtoto yako?"

Pulchérie alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la Walungu. Yeye, Naboth na Provia walikuwa wamesikia kwa masikio yao, pale uani, ya kwamba mwana wa bibi huyu alizikwa akiwa na miaka kumi na tano.

"Iko wangu," Nabintu akasema.

"Mtoto yako ya kuzaa?"

"Nimesema iko wangu. Andika."

Kapteni hakuandika. "Mama, wewe Mkongo. Hii sajini anaitwa Mugisha. Mtoto ya Mkongo atapata wapi jina Mugisha?"

"Mutoto akivuka mupaka bila mama," bibi akajibu, "anaitwa jina ya fasi kwenye anafika."

Kapteni akalitafuna jibu hilo. Mhudumu wa mochwari akatikisa kichwa kwa huruma. Lakini kapteni hakuwa mjinga. Akageukia mlango.

"Na wewe?"

"Miye Pulchérie, wa Chama cha Vizazi, Rubondo. Tunaandika ukoo za batu."

"Huyu mama unamjua?"

"Tangu myaka kumi na mbili."

"Ukoo yake umeandika?"

"Iko hapa." Akainua daftari.

"Basi chama yako inasema nini? Huyu ni mtoto yake?"

Naomba ufikirie nafasi ya mwanamke huyu, msomaji. Madaftari thelathini na moja, na katika yote hakuna mstari mmoja wa uongo alioujua. Alimtazama Nabintu. Nabintu hakumtazama. Pulchérie akamtazama Provia, aliyesimama ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye foleni ya maji.

"Chama," Pulchérie akasema, akilichagua kila neno, "inaandika chenye mama anasema na kinywa yake. Hatuna kitabu ingine kupita kinywa ya mama."

Kapteni akangoja kidogo, kama neno jingine lingekuja. Halikuja. Akaweka fomu juu ya daftari lile lile la Walungu, akaandika, akamnyooshea bibi wino. Nabintu akabonyeza kidole gumba.

"Atazikwa wapi?"

"Rubondo. Kwangu. Kandokando ya nyumba."

"Lini?"

"Kesho."

"Sawa, mama. Pole sana." Kapteni akapiga saluti, si kwa bibi wala kwa Provia, ila kwa aliyelala pale, akatoka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

* * *

Naboth alifurahi. Hebu tumwache afurahi, maskini, siku tano alikuwa amebeba jiwe. Alitoka kwenda kupiga simu za gari na jeneza, akisema huku akitembea kwamba Mungu yupo, kwamba nyumba imepona, kwamba watoto wana kwao.

Nje, ukutani, kulikuwa na benchi la saruji. Nabintu alikaa. Provia akakaa kando yake. Pulchérie alibaki amesimama jua likimpiga usoni, daftari amelikumbatia, na alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Asante, mama," Provia akasema.

"Usinishukuru."

"Umesaidia watoto yangu."

"Batoto yako sikubafikiria." Bibi alifungua mkono wake, akaanza kufuta wino kwenye kidole gumba kwa pembe ya kitenge. "Sikia. Asubuhi ile, mbele ya kuua batu, bale banajeshi batulalisha tumbo chini pa njia. Bibi, bamama, batoto. Mbele ya macho yangu alisimama mumoja. Alikuwa mutoto tu, kama Kizito. Hakukuwa na viatu. Sikuona uso yake, ukiinua kichwa unapigwa. Tangu asubuhi mpaka jua inapinda niliangalia miguu yake. Kila kidole. Hakuna kitu ingine niliona siku ile."

Provia alisikia maneno yote. Aliyaelewa. Alitazama miguu yake mwenyewe, ndani ya viatu vyeusi vya msiba alivyoazimwa na jirani, na akaona kamba moja imelegea.

"Nimeitafuta iyo miguu myaka makumi mbili na tisa," Nabintu akasema. "Kanisani naangalia miguu. Pa kisima naangalia miguu. Mwaka iliyopita, Pulchérie aliniambia mwanajeshi alikuja kuuliza kama niko muzima, nikangoja. Hakukuja. Sasa amekuja."

"Aliua Kizito?" Provia akauliza.

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Pulchérie akageuka kumtazama.

Wino ulikuwa umegoma kutoka. Bibi akauacha.

"Chenye iyo miguu ilifanya, kilianza asubuhi na kikaisha jioni, na kuko sehemu yenye hata Pulchérie sijamuambia. Hautasikia hapa." Akamgeukia Provia, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. "Kesho nitamuzika. Nitamuzika muzuri, na maombi, na sanduku. Atalala kwangu, batoto yako batakuwa na fasi ya kuweka maua. Ile nimekupa. Na weye utanipa kitu."

"Kitu gani?"

"Mbele ya kumushusha mu shimo, nitasimama niseme yote. Kwa batu bote. Wa kanisa, wa kambi, yule afande na miwani akikuja. Nitasema jina ya Kizito, na nitasema chenye huyu alimufanyia, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na weye utakaa mbele, karibu na mimi, na bale bana babili ya kike. Basikie."

"Natukunda ana miaka kumi na miwili," Provia akasema. "Vanessa ana tisa."

"Kizito alikuwa na kumi na tano."

Pulchérie akafungua mdomo. "Mama Nabintu, batoto bale hawana kosa..."

"Nyamaza, Pulchérie. Weye unaandika, mimi ninasema. Njo vile tulisikilizana." Bibi hakuwa ameondoa macho kwa Provia. "Ukikatala, ninarudi kwa yule afande sasa hivi. Bado iko pale pa gari yake, ninamuona. Nitamuambia huyu haiko wangu, na nitamuambia alikuwa nani pa ile njia."

Ng'ambo ya uzio, kapteni alikuwa amesimama kando ya gari, akiongea na simu, mlango umefunguliwa. Naboth alikuwa akirudi kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema. Alimpungia Provia mkono kutoka mbali.

Provia aliwafikiria binti zake katika gauni zao za kanisani, wamekaa mstari wa mbele, wakimtazama bibi wasiyemjua akisimama kando ya jeneza la baba yao. Aliufikiria uso wa Natukunda. Alijua kwamba mama mwingine yeyote angesimama wakati huo huo, aseme hapana, aseme afadhali azikwe na jeshi, aseme lolote.

Akafungua mdomo akatae.

Kilichotoka kilikuwa: "Kesho saa ngapi?"